Maji Yanayokataliwa na Ardhi

Barabara ya kutoka Shinyanga kupitia Tinde na Isaka hadi Kahama, na kutoka hapo kwenda Kakola na Geita, haipandi mlima wowote wa kutajika. Inapita kwenye mashamba ya pamba na mpunga, mbuga nyeusi, vilima vya mawe ya graniti yaliyopandana, kisha mbuga tena. Lakini katika nchi hii inayoonekana kuwa tambarare, mvua ya msimu mmoja hugawanyika mara tatu. Inayonyesha kaskazini, kwenye vilima vya Geita, huenda Ziwa Victoria, na kutoka huko huingia Nile hadi Bahari ya Mediterania. Inayonyesha magharibi, upande wa Bukombe, hufuata mito inayokwenda Moyowosi na Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika, ikatoka kwa Mto Lukuga na kumezwa na Kongo hadi Atlantiki. Inayonyesha mashariki na kusini huingia Manonga, kisha Wembere, Ziwa Kitangiri na Mto Sibiti, na safari yake inakomea Ziwa Eyasi, ambalo halina mlango wa kutokea.

Mtu anayetaka kukadiria mafuriko huanza kazi yake hapo, kwenye mstari usioonekana unaotenganisha maji. Kabla ya kushika kanuni yoyote, lazima ajue ni ardhi ipi hasa inayoleta maji mahali panapotakiwa kujengwa daraja, kalavati au tuta la lambo. Watu wa maji nchini huiita ardhi hiyo kidakio. Milimani kuchora mpaka wa kidakio ni kazi nyepesi: unafuata migongo ya vilima kwenye ramani mpaka mstari ufunge. Huku Usukumani ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Ramani ya 1:50,000 ina mistari ya mwinuko inayopishana kwa mita 20, na mbuga nzima inaweza kukaa kati ya mistari miwili bila kuguswa na hata mmoja. Data za mwinuko zilizopimwa kwa rada kutoka angani mwezi Februari 2000, ambazo leo mhandisi yeyote anaweza kuzipata kwenye kompyuta yake, zimesaidia sana. Hata hivyo zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwenye mbuga mita moja inatosha kuupeleka mto mahali ambapo haujawahi kupita tangu dunia iumbwe.

Kwa hiyo mkadiriaji mzuri huenda mwenyewe. Hutembea pembezoni mwa kidakio akiangalia nyasi zimelalia upande gani na mchanga umejikusanya nyuma ya kisiki kipi. Huangalia njia za ng'ombe, kwa sababu njia iliyokanyagwa miaka na miaka huchimbika ikawa mfereji, na mfereji huo unaweza kuiba maji ya kidakio kimoja na kuyapeleka kwa jirani. Huangalia matuta. Reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inakatiza nchi hii kupitia Isaka na Shinyanga, na popote inapopita juu ya tuta, maji ya upande mmoja hayana njia isipokuwa lile tundu aliloyaachia mjenzi. Barabara za vijijini hufanya vivyo hivyo kwa udogo wake. Mpaka aliotoka nao ofisini hurudi umefutwafutwa na kuchorwa upya kwa penseli, na mara nyingi eneo limeongezeka au kupungua kiasi cha kubadilisha hesabu yote.

Halafu unakuja udongo, na hapa ndipo heshima yangu kwa watu hawa inapozidi.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alitoa wazo ambalo baadaye lilienea ulimwenguni. Alisema udongo wa Afrika Mashariki haufai kuchorwa kama mabaka yaliyotawanyika ovyo, kwa kuwa hujipanga kwa mfuatano kutoka kileleni hadi bondeni, na mfuatano huo hujirudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena. Katika miezi ya mwisho wa 1935 na mwanzo wa 1936 alizunguka Tanganyika akikagua udongo. Usukumani ni miongoni mwa mahali ambapo mpangilio huo unaonekana kwa macho matupu, na wenyeji walikuwa wameshaupa majina kabla ya mtafiti yeyote kufika. Juu kabisa ni mawe. Chini ya mawe ni luseni, mchanga mwepesi uliotokana na graniti iliyomomonyoka. Ukiteremka zaidi unakuta itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake. Mwisho ni mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mkulima wa Kisukuma huijua ngazi hii kwa mazao: viazi vitamu na karanga juu kwenye luseni, mpunga kwenye majaruba ya chini, na kadhalika. Mhaidrolojia huipanda ngazi hiyohiyo akiwa na swali moja: zikishuka milimita 80 hapa, ardhi itameza ngapi na itakataa ngapi?

Jawabu hubadilika kila baada ya hatua mia mbili. Mawe hukataa karibu kila kitu. Dakika chache baada ya mvua kuanza, maji yanatiririka kwenye nyufa za majabali. Lakini yakifika kwenye luseni iliyo chini ya mawe, mengi hupotea mchangani. Kidakio chenye mawe mengi kileleni kinaweza kumtisha mgeni, akajenga daraja kubwa kuliko linavyohitajika, kwa sababu hakuona kwamba mawe na mto havijaungana. Itogolo ina hila zaidi. Kwa juu huonekana ya kawaida, pengine ina nyasi, lakini sentimita chache chini kuna tabaka ambalo jembe hugonga kama saruji. Sehemu ya juu ikishajaa maji, yanayobaki hayana pa kwenda isipokuwa kuteremka. Mkadiriaji asiyebeba jembe hawezi kulijua hilo, na mimi huamini kwamba jembe ni kifaa cha kwanza cha taaluma hii, mbele ya kompyuta.

Mbuga nayo ina tabia mbili, na hapo kalenda inaingia kwenye hesabu. Mwezi Oktoba, baada ya miezi mitano ya ukame, mfinyanzi mweusi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza fimbo ya mchungaji. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, hata iwe kubwa, huzama humo na kalavati hubaki kavu. Kadiri mvua zinavyoendelea mfinyanzi huvimba, nyufa hujifunga, na ardhi ileile iliyokuwa ikimeza kila kitu sasa haipokei hata tone. Mvua ya milimita 60 inayopita bila kutambuliwa mwezi Novemba inaweza kuvuka barabara mwezi Machi. Shinyanga hupata mvua ya wastani wa kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, kiasi ambacho wengi huita ukame, na ndiyo maana watu hushangaa mkoa huu unapokumbwa na mafuriko. Mkadiriaji hashangai, kwa maana yeye hahesabu mvua ya mwaka. Anahesabu saa moja mbaya katika mwezi mbaya.

Saa hiyo moja ina historia yake ya kuvutia. Vipimamvua vingi nchini husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Msomaji anamimina maji yaliyokusanyika kwenye chombo chenye alama, anaandika milimita 52, anakwenda zake. Daftari halisemi kama milimita hizo zilishuka polepole usiku kucha au zilimwagika kwa dakika 40 jioni. Kwa mto mkubwa tofauti hiyo si kitu kikubwa, lakini kwa korongo la kilomita chache za mraba ndiyo kila kitu. Katika miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ilikusanya kumbukumbu za vipimamvua vya kujiandikia vya Afrika Mashariki na kutafuta uhusiano kati ya mvua ya siku na mvua ya muda mfupi. Ukifanya hesabu kwa kanuni waliyoitoa, unakuta kwamba katika maeneo ya bara karibu theluthi mbili ya mvua kubwa ya siku nzima hushuka ndani ya saa moja. Pwani sehemu hiyo ni ndogo zaidi, kwa kuwa mvua za huko hujinyoosha. Mtu aliyekulia Shinyanga hahitaji kanuni kulijua hilo. Wingu hujikusanya mchana, upepo unabadilika ghafla, vumbi linapanda, kisha mbingu zinafunguka. Kabla ya magharibi jua limetoka tena na makorongo yananguruma.

Hiyo nguvu ya muda mfupi inaua. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo iliangukia kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, ikabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Hakuna kipimamvua kinachosomwa mara moja kwa siku kinachoweza kusimulia usiku kama ule.

Sasa njoo kwenye namba. Kanuni kongwe inayotumika hadi leo kwa vidakio vidogo ilielezwa na mhandisi wa Ireland, Thomas Mulvany, mwaka 1851, kabla reli haijafikiriwa katika nchi hizi. Inasema kilele cha mafuriko ni zao la mambo matatu: eneo la kidakio, ukali wa mvua, na sehemu ya mvua inayotiririka. Eneo unapima, ukali wa mvua unatafuta kwenye kumbukumbu, lakini ile sehemu inayotiririka unapaswa kuiamua wewe. Miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1950, idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani ilitoa njia nyingine iliyoenea kote duniani: kila aina ya ardhi inapewa namba kati ya 0 na 100, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ardhi inavyokataa maji zaidi. Ukiwa na namba hiyo na milimita za mvua, hesabu iliyobaki ni ya mwanafunzi wa sekondari.

Tuifanye, maana ndani yake kuna jambo ambalo maneno matupu hayawezi kulionyesha. Chukua kidakio cha kilomita 10 za mraba na mvua ya milimita 80. Ukiamua namba ya ardhi ni 60, maji yatakayotiririka ni kama milimita 10. Ukiamua 75, ni milimita 27. Ukiamua 85, ni milimita 44. Kwenye kilomita 10 za mraba kila milimita moja ni mita za ujazo 10,000. Kwa hiyo umetoka mita za ujazo 100,000 hadi 440,000 kwa kubadilisha uamuzi wako kuhusu nyasi na udongo, wala mvua haijaongezeka hata tone. Kisha geuza swali. Shikilia namba 75 na upunguze mvua iwe nusu, milimita 40. Maji yanayotiririka hayawi nusu. Yanashuka hadi milimita 5, chini ya moja ya tano ya yale ya kwanza. Ardhi hutoza ushuru wake mwanzoni. Ukishalipwa, sehemu kubwa ya kinachoongezeka inakwenda mtoni. Watu wanaosema mvua ya mwaka huu ilikuwa mara mbili tu ya ile ya mwaka jana, lakini mafuriko yalizidi mara tano, hawatii chumvi.

Kinachonigusa katika hesabu hiyo ni mahali mzigo unapoangukia. Kanuni haiwezi kukuokoa. Uko peke yako na ile namba moja, 60 au 75 au 85, na kilichokufikisha kwenye namba hiyo ni miguu yako, jembe lako na mazungumzo yako na wenyeji. Vijana wanaotoka vyuoni huja na programu nzuri zinazochora mafuriko kwa rangi, na sina neno baya juu yake. Lakini programu huuliza namba ileile, kwenye kisanduku kidogo pembeni ya skrini, na ukiijaza kwa kubahatisha itakuchorea bahati yako kwa rangi za kupendeza.

Afrika Mashariki ilianza mapema kutafuta namba zake yenyewe badala ya kuazima za Marekani. Mwaka 1933 huko Mpwapwa vilitengwa viwanja vidogo vya majaribio kwenye mteremko mmoja, kila kimoja na hali yake, ili kupima maji na udongo unaoteremka kutoka kila kiwanja. Matokeo yake bado yananukuliwa na wataalamu wa mmomonyoko duniani. Kiwanja kilichoachwa uchi kilitiririsha karibu nusu ya mvua yote. Kilichopandwa uwele kilitiririsha kama robo. Cha nyasi, chini ya asilimia 2. Cha kichaka kisicholishwa mifugo, chini ya asilimia moja. Mvua ni hiyohiyo, mteremko ni huohuo. Kilichotofautiana ni kilichoota juu yake.

Kisha mwaka 1976 D. Fiddes wa TRRL alichapisha modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki, iliyojengwa juu ya vipimo vya mvua na mtiririko katika vidakio vidogo 13 vya Kenya na Uganda. Nimeisoma ripoti hiyo mara nyingi, na kwangu ni moja ya maandishi ya kiufundi yenye heshima kubwa kwa ardhi ya huku. Jedwali lake la matumizi ya ardhi linachukua eneo lenye nyasi kuwa kipimo cha 1. Ardhi iliyo uchi kwa sehemu kubwa inapewa 1.5. Msitu unapewa 0.33, sawa na bonde lililojaa kinamasi. Bonde lenye korongo la mchanga, aina ambayo Shinyanga inayo tele, linapewa 0.5, kwa sababu mchanga wa mto mkavu hunywa sehemu ya mafuriko yenyewe yakiwa njiani. Aliyeandika mstari huo nadhani alisimama kwenye mto wa mchanga akaona maji yakipungua kadiri yanavyoteremka. Mito mingi ya Ulaya, kinyume chake, huongezeka maji kila inapoendelea.

Jedwali jingine la modeli hiyo ni la muda: maji yanachelewa kiasi gani kati ya kuanguka na kufika mtoni. Katika nchi kame, saa 0.1, yaani dakika 6. Malisho mabovu, nusu saa. Malisho mazuri, saa moja na nusu. Mashamba, saa 3. Bonde lenye kinamasi cha mafunjo, saa 20. Tofauti ya dakika 6 na saa 20 ndiyo tofauti ya korongo linalomchukua mtu akivuka na mto unaopanda taratibu hata watoto wakachomeka kijiti kando yake kuona umefika wapi. Kiasi cha maji kinaweza kuwa kilekile. Yakija pamoja yanang'oa daraja, yakija kwa zamu yanapita chini yake. Ndiyo maana kufyeka mafunjo bondeni ili kupanua majaruba ni uamuzi unaomhusu pia mtu wa barabara aliye kilomita 10 chini, hata kama hajawahi kukanyaga shamba hilo.

Hesabu ikiisha, inabidi ipelekwe mahakamani, na shahidi ni ardhi yenyewe pamoja na watu waliozeekea juu yake. Mkadiriaji hutafuta alama: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye tawi la mgunga juu ya kichwa chake, mstari wa tope ukutani, gome lililochubuliwa na gogo lililopita. Hupima kina kutoka alama hadi sakafu ya mto, hupima mteremko na upana, na kwa kanuni ya Manning, Mwayalandi mwingine, huchuma kutoka kwenye alama hizo mita za ujazo zilizopita kwa sekunde siku ile. Na huuliza wazee. Kuuliza huku kuna adabu na ufundi wake. Huwezi kumwendea mzee ukamuuliza mafuriko makubwa yalikuwa mwaka gani. Unamsalimu, unakaa, unauliza habari za ng'ombe na za mavuno, kisha unauliza nyumba ya marehemu fulani ilisimama wapi, na maji yalifika wapi mwaka ule wa mvua baada ya Uhuru. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2, na wenye umri wanazikumbuka. Wengi zaidi wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Mzee akikuonyesha jiwe na kusema maji yalifika hapa, na mama wa nyumba ya pili akakuonyesha mti ulio sawa na jiwe hilo kwa kimo, umepata kipimo ambacho hakuna ofisi iliyokiandika. Kama hesabu yako inasema maji hayawezi kufika kwenye jiwe, mwenye kosa si mzee.

Baada ya hapo ndipo swali zito linakuja: tunajengea mafuriko ya ukubwa gani? Wahandisi husema mafuriko ya miaka 10, ya 25, ya 50, ya 100, na wananchi wengi huelewa kwamba ya miaka 25 hayaji tena mpaka miaka 25 ipite. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka, mwaka huu na ujao pia, kuna nafasi moja katika 25. Kalavati lililojengewa mafuriko ya miaka 25 na likadumu miaka 25 lina uwezekano wa asilimia 64 wa kuzidiwa walau mara moja katika uhai wake. Kwa kalavati la barabara ya kijiji hilo linavumilika: maji yatapita juu ya barabara, yatasomba changarawe, wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, watakuja kurekebisha. Kwa lambo halivumiliki. Malambo ya Usukumani, mengi yakianzia miradi ya maji ya kabla ya Uhuru, yana tuta la udongo, na udongo hauwezi kustahimili maji yanayopita juu yake. Yakianza kuchirizika mahali pamoja hukata mfereji, mfereji hupanuka, na katika muda wa saa chache bwawa lote limeondoka na kila kilicho chini yake. Uhai wa lambo uko kwenye utoro wa maji, ule mkato uliochimbwa pembeni ili yanayozidi yapite bila kugusa tuta. Upana wa utoro huo unatoka moja kwa moja kwenye kadirio la mafuriko. Mita mbili zilizopunguzwa ili kuokoa gharama hazionekani kwa miaka kumi. Naona ni haki mtu anayeupigia hesabu upana huo ajulikane kijijini kama anavyojulikana fundi aliyejenga zahanati.

Geita na ukanda wa dhahabu vimeongeza uzito wa kazi hii. Kwenye migodi mikubwa kuna mabwawa ya topesumu, ambako mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu huhifadhiwa pamoja na maji yenye kemikali. Viwango vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya bwawa la Brumadinho huko Brazili kupasuka na kuua watu wapatao 270, vinataka bwawa ambalo kuvunjika kwake kungeleta maafa makubwa kabisa lihesabiwe kwa mafuriko ya mara moja katika miaka 10,000. Hakuna kipimamvua chenye kumbukumbu za miaka 10,000. Mkadiriaji ana miaka 50 au 60 ya daftari, pengine yenye mapengo, na kutoka hapo anatakiwa kunyoosha mkono hadi mahali ambapo jicho halifiki. Anayeifanya kazi hiyo kwa uadilifu huandika namba yake na kando yake huandika inaweza kukosea kwa kiasi gani, na hakubali ile ya pili ifutwe kwenye ripoti.

Wachimbaji wadogo wao hawana ripoti. Maduara yao, yaani mashimo yao ya dhahabu, huchimbwa pale dhahabu ilipo, na mara nyingi dhahabu iko kwenye mkondo wa zamani wa maji au chini ya mteremko. Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, eneo lililokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi 2012, ardhi iliyoloweshwa na mvua iliporomoka na kuua watu 22. Ardhi iliyojaa maji huwa nzito na hupoteza nguvu ya kujishikilia, na kuijua siku itakayofikia hali hiyo ni kazi ya familia moja na kukadiria mafuriko: ni mvua kiasi gani imeshaingia, ni kiasi gani ardhi bado inaweza kupokea. Mhaidrolojia anaweza kutembea juu ya machimbo mwezi Oktoba na kuonyesha kwa kidole maji yatapita wapi mwezi Januari. Natamani sana safari hiyo iwe jambo la kawaida kabla ya kila msimu, kama kuangalia breki za basi kabla halijaondoka kituoni.

Ardhi yenyewe haikai kama ilivyokuwa, na hilo humlazimu mkadiriaji kujua historia. Katika miaka ya 1920 na kuendelea vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kufukuza mbung'o. Pamba na mifugo vikafuata, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki uchi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao uliufufua utaratibu wa Kisukuma wa ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na nyasi na miti. Wengi wanausifu mradi huo kwa kuni, asali na malisho. Mimi nikipita kwenye ngitili hukumbuka jedwali la Fiddes: ardhi iliyotoka 1.5 ikarudi kwenye 1, na penye miti mingi ikashuka chini ya hapo. Kalavati lililokuwa dogo mwaka 1985 linaweza kutosha leo bila mtu kugusa zege lake.

Upande wa machimbo mabadiliko yamekwenda njia ya pili, na jedwali la 1976 halina mstari wa kifusi. Halina mstari wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na karasha hadi kuwa unga, wala wa kilima kilichotobolewa maduara mia. Kifusi cha mawe makubwa humeza maji yakatokea chini yake baada ya siku kadhaa. Marudio laini huziba yakamwaga karibu kila tone. Anayekadiria mafuriko ya korongo linalopita katikati ya machimbo ya Nyarugusu, Geita, leo hana budi kuutafuta mstari huo mwenyewe. Hupigilia ardhini pete mbili za chuma, ya ndani na ya nje, huzijaza maji zote mbili ili yale ya ndani yasikimbilie pembeni, kisha hukaa na saa na rula akisoma jinsi maji yanavyoshuka, kila baada ya dakika 5, kila baada ya 10, mpaka kasi itulie. Mahali pamoja panaweza kula mchana mzima. Akimaliza kwenye marudio anazing'oa pete na kuhamia kwenye kifusi, kisha kwenye luseni ambayo bado haijachimbwa, ili awe na cha kulinganisha. Namba anazopata huziandika pamoja na jina la kitongoji na mwezi, kwa sababu Machi atalazimika kurudi kupima tena.